Msaji wa boti umekuwa kijivu na vanishi inabanduka: nianzie wapi, na kipi nisiguse?

Dira:

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaoijua kazi ya mbao za baharini.

Boti ni ya mita 9, mwili wa faibaglasi, ila sitaha imetandikwa mbao za msaji, na mifereji kati ya mbao imejazwa mpira mweusi. Juu ya chumba kuna reli mbili za mkono, kila moja mita 3, na kuna fremu ya kifuniko cha falka (tundu la sitahani la kushukia ndani). Zote ni msaji.

Sitaha imekuwa kijivu kabisa, na upande usiopata jua sana kuna madoa meusi madogomadogo. Karibu na shetri (nyuma ya boti) mpira umeachia ukingo sehemu kadhaa. Vizibo viwili vya mbao vimeng'oka na vichwa vya skrubu vinaonekana. Kwenye reli vanishi imebaki mabakamabaka, na chini yake mbao imeingia weusi kwenye viungo na kuzunguka skrubu.

Mpango ni kukodi mashine ya maji ya presha, kuosha sitaha mpaka ile rangi ya dhahabu irudi, kisha kupaka kila kitu mafuta ya msaji na kumalizia kwa vanishi. Je, niko sawa? Kama siko sawa, naomba hatua na vipimo.

Patasi:

Mkuu Dira, mashine ya presha iache kabisa. Ubao wa msaji una mistari migumu na mistari laini inayopishana. Maji ya presha huchimba ile laini na kuacha ile migumu imesimama kama matuta. Ukishaona matuta utataka kuyasawazisha kwa msasa, na hapo umeondoa unene ambao haurudi. Kwenye sitaha iliyotandikwa, unene ndio mali yote uliyo nayo. Rangi unaweza kuirudisha mara mia, unene hata mara moja.

Na kijivu chenyewe si ugonjwa. Miale ya jua ya urujuanimno huvunja lignini, ambayo ndiyo gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mbao. Mvua na mawimbi huisafisha, na juu zinabaki nyuzi tupu zenye rangi ya fedha. Tabaka hilo halifiki hata milimita moja, na mbao chini yake ni nzima. Madoa meusi ya kivulini ni kuvu, hayo ndiyo ya kuondoa.

Kabla hujagusa dawa yoyote, pima. Tumia yale matundu mawili ya vizibo: weka ncha ya kaliba (kipimio cha milimita) kwenye kichwa cha skrubu uone kina mpaka usawa wa ubao. Tafuta pia sehemu yenye tundu la kutolea maji, upime unene wote wa mbao. Kisha pima kina cha mfereji pale mpira ulipotoka. Tuletee namba tatu hizo.

Wakati huo huo, gonga sitaha yote kwa mpini wa bisibisi. Palipo pazima panalia mlio mkavu. Ukisikia sauti ya bubu, maji yameshapita kwenye tundu la skrubu na kuingia kwenye moyo wa sitaha chini ya msaji. Hapo kuosha mbao hakutasaidia kitu, unatibu ngozi wakati mfupa unaoza.

Kuosha kwenyewe ni hivi. Anza na sodiamu pakaboneti, ule unga mweupe unaotoa povu la oksijeni ukiwekwa majini. Gramu 60 kwa kila lita ya maji ya vuguvugu, na uchanganye kiasi utakachomaliza ndani ya saa moja, kwa sababu nguvu yake inaisha. Lowesha sitaha kwanza kwa maji, mwaga dawa, iache dakika 15 bila kuiacha ikauke. Halafu sugua kwa brashi laini au sifongo lenye upande wa plastiki, ukikatiza nyuzi. Ukisugua kwa kufuata nyuzi, nywele za brashi zinaingia kwenye ile mistari laini na kuichimba, ni presha ile ile kwa mwendo wa polepole. Suuza kwa maji mengi.

Baada ya hapo mbao itaonekana nyeusi zaidi kuliko ulivyoanza. Usishtuke, dawa hiyo ni ya magadi, na magadi huutia msaji rangi ya giza. Ndipo unaleta asidi ya oksaliki: gramu 80 kwa lita moja ya maji ya vuguvugu. Paka sawasawa, subiri dakika 15 hadi 20, na utaona kwa macho giza likiondoka na rangi ya asali ikijitokeza. Suuza mara tatu. Ikikauka bila kusuuzwa vizuri inaacha chembe nyeupe, na siku ya kupiga msasa chembe hizo zitaingia puani na kifuani. Vaa glavu, miwani ya kinga, na barakoa wakati wa kupima unga. Lowesha mwili wa boti kwa maji safi kabla na wakati wote wa kazi, na funika vifaa vya aluminiamu.

Usitumie dawa ya klorini kwa kuvu kisha ukafuatisha asidi. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini, na hiyo inaua. Steelwool nayo isikanyage botini: chembe zake zinabaki kwenye nyuzi na kesho yake kila moja ni doa la kutu.

Dira:

Ahsante sana fundi. Namba ni hizi: unene wa mbao mm 7, kutoka kichwa cha skrubu mpaka juu mm 2, kina cha mfereji mm 3 na upana wake mm 5. Nimegonga sitaha yote, mlio ni mkavu kila mahali. Swali: baada ya kuosha, nipake mafuta au nisipake? Na hiyo vanishi juu ya sitaha?

Mkuku:

Vanishi kwenye sitaha hapana. Ikilowa inateleza kama sabuni, na msaji uliwekwa pale kwa sababu ukilowa bado unashika mguu. Isitoshe kila mfereji ni mahali pa vanishi kupasukia, kwa kuwa mpira unavutika na vanishi haivutiki.

Mafuta kwenye sitaha pia nayapinga, na sababu si ya mapenzi ya rangi. Mengi ya hayo yanayouzwa kwa jina la mafuta ya msaji ni mafuta ya kitani yaliyochanganywa na viyeyushi, hayakutoka kwenye mti wa msaji. Yanapendeza wiki za mwanzo. Baadaye jua linayatia giza, vumbi linanata, na kuvu linapata chakula. Kwenye jua kali utayarudia kila mwezi mmoja hadi mitatu, na kila ukirudia lazima usugue kwanza. Hesabu mara ngapi kwa mwaka, ukiwa na mm 7 tu mkononi.

Sitaha iliyooshwa alivyoeleza Patasi iache tupu. Ioshe kwa maji ya bahari na sifongo, ukikatiza nyuzi, hasa kiangazi. Chumvi huzuia kuvu na huifanya mbao ishike unyevu kidogo, hivyo haikauki kupita kiasi ikaachana na mpira. Dawa za kuosha zisizidi mara moja kwa mwaka, na zile za vichupa viwili vyenye soda kali usizitumie kwenye mbao nyembamba kama hiyo. Zinasafisha haraka kwa sababu zinayeyusha nyuzi za juu.

Kama rangi ya asali unaitaka kweli, afadhali kizibavinyweleo (sealer, dawa ya kuziba vitundu vya mbao) chenye rangi na kinga ya jua kuliko mafuta. Kinakaa muda mrefu zaidi, na kikichakaa unakiongezea bila kukwangua. Ila kwa macho yangu kijivu safi cha fedha ndiyo rangi halali ya sitaha.

Na ukiamua mafuta kwenye kitu chochote, hata meza ya ndani: matambara yaliyolowa mafuta ya kitani usiyafinyange ukayatupa kwenye ndoo. Yanapokauka yanavuta oksijeni na kutoa joto, na rundo lililobanwa linaweza kuwaka lenyewe. Yatandaze moja moja nje au yazamishe majini.

Mlingoti:

Naongezea upande wa reli na fremu, huko vanishi ina mahali pake. Hakuna anayekanyaga, na mbao iko wazi pande zote hivyo inaweza kufungwa vizuri.

Msipoelewa kwa nini ile ya zamani ilibanduka, mpya itafuata njia ile ile. Vanishi haianzi kufa katikati ya reli. Inaanzia kwenye vichwa vya mbao, pale msumeno ulipokata nyuzi, kwenye matundu ya skrubu, na kwenye kona kali. Vichwa vya nyuzi hunywa maji kama mrija. Maji yakishaingia yanatembea chini ya vanishi, jua linayapasha, yanataka kutoka, na ngozi inainuka. Mbao ya chini inaanza kuwa nyeupe, kisha njano iliyofifia, kisha nyeusi. Kwa hiyo:

Fungua reli. Usipake vanishi reli ikiwa imefungwa, kwa maana upande unaolalia paa ndio unaokunywa maji. Vanishi ya zamani itoe kwa mashine ya hewa moto na kikwangulio chenye makali. Pasha mpaka ngozi ianze kukunjamana, kwangua ukifuata nyuzi, songa mbele. Usisimame sehemu moja, mbao ikiungua weusi huo hautoki. Kona mbili za kikwangulio zipige tupa ziwe mviringo kidogo, la sivyo kila mteleza unaacha mfereji.

Weusi wa kuzunguka skrubu ni chuma kilichokutana na vitu vya asili vya ndani ya mbao. Msasa hauupati, umezama. Weka oksaliki ile ile ya gramu 80, lowesha pamba, ilalishe juu ya doa nusu saa, rudia mara mbili au tatu, suuza. Halafu skrubu zilizotoa kutu zisirudi: weka za bronzi, au za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. Suuza reli zote kwa maji safi hata sehemu zisizo na madoa, maana chumvi iliyobaki chini ya vanishi itavuta unyevu. Ziache zikauke kivulini penye upepo siku tatu au nne.

Msasa namba 80, kisha 120, kisha 180, kila mara ukifuata nyuzi. Kila kona ifanye mviringo wa mm 3 hivi. Vanishi ikiwa mbichi hukimbia kona kali na kubaki utando tu, na hapo ndipo jua linapoitoboa kwanza.

Msaji una mafuta yake yenyewe, na hayo huzuia vanishi kushika na kukauka. Futa kwa tambara jeupe lenye asetoni. Tambara la kwanza litatoka na rangi ya kahawia iliyoiva kama chai. Geuza, futa tena, badilisha, mpaka litoke karibu jeupe. Kisha paka ndani ya nusu saa, kwa kuwa mafuta ya ndani yanapanda tena juu.

Mkono wa kwanza: vanishi nusu, tina (kiyeyushi cha vanishi) nusu, na tina iwe ile iliyopendekezwa kwenye mkebe. Huu unazama. Vichwa vya mbao na kuta za matundu ya skrubu vipe mara mbili au tatu mpaka vikatae kunywa. Mkono wa pili asilimia 25 ya tina, wa tatu asilimia 10, kuanzia wa nne vanishi tupu. Jumla isipungue mikono 8 kwenye jua kali. Kati ya mkono na mkono saa 24, msasa 320 kwa wepesi mpaka mng'ao upotee, futa vumbi.

Saa za kupaka zina maana kuliko watu wanavyodhani. Anza saa tatu asubuhi umande ukishakauka, kivulini, na acha kabla ya saa nane mchana. Ukipaka jioni, umande unashuka juu ya vanishi mbichi na asubuhi unakuta weupe kama pumzi kwenye kioo. Ukipaka juani, ngozi ya juu inakauka kabla tina ya chini haijatoka, unapata vipovu. Mkebe koroga polepole, usiutikise, na chujia kwenye kikopo kidogo badala ya kuchovya brashi kwenye mkebe mkuu.

Dira:

Mlingoti nimekuelewa vizuri. Vanishi ninunue kiasi gani? Na vipi ile ya polyurethane ya vikopo viwili, nasikia ni ngumu zaidi.

Mlingoti:

Hesabu yako ni rahisi. Reli ya unene wa kawaida mzunguko wake ni kama sm 12. Reli mbili za mita 3: 0.12 mara 6, ni mita za mraba 0.72. Mikono 8 inafanya 5.8 hivi. Lita moja hufunika takriban mita za mraba 12 kwa mkono mmoja, kwa hiyo reli zinakula karibu nusu lita. Ukiongeza fremu na kinachobaki kwenye brashi, mkebe wa lita moja unatosha na akiba kidogo inabaki.

Ile ya vikopo viwili ni ngumu kweli na inang'aa muda mrefu. Tatizo ni ugumu wenyewe: mbao ikitanuka na kusinyaa, yenyewe haifuati. Ikipata tundu inabanduka vipande vikubwa na haikubali kiraka. Pia aina nyingine zinakataa kukauka vizuri juu ya mafuta ya msaji. Kwa reli ambayo watu wanaigonga kila siku, chukua vanishi ya baharini ya mafuta yenye kinga ya jua. Laini kidogo, lakini jeraha lake unalitibu kwa msasa na mikono mitatu mchana mmoja mmoja.

Baadaye, usisubiri ipasuke. Mng'ao ukianza kufifia tu, msasa 320 na mikono miwili. Penye jua kali hiyo ni kila miezi minne hadi sita. Vanishi, tofauti na sitaha tupu, ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi na uifute. Na kifuniko cha turubai juu ya reli kinafanya kazi kuliko mkono wowote wa vanishi.

Patasi:

Narudi kwenye namba za sitaha. Mm 2 juu ya skrubu haishiki kizibo, kinahitaji mm 4 au 5. Ukigandisha vipya juu ya hizo skrubu vitaruka ndani ya msimu mmoja, na vingine vitafuata.

Kwa kuwa mlio ni mkavu kila mahali, gundi ya chini inashika na skrubu zilikuwa za kubana tu wakati gundi inakauka. Toa hizo mbili. Safisha tundu kwa keekee ya mm 6, liache likauke kabisa, jaza epoksi mpaka usawa wa chini ya msaji ili maji yasipate njia. Ikishaganda, toboa tundu la kizibo mm 10 kwa kina cha mm 5. Funga tepu kwenye keekee kama alama ya kina. Kizibo kifute kwa asetoni, kipake epoksi, kigonge taratibu nyuzi zake zikielekea sawa na za ubao. Kesho yake kikate kwa patasi, lakini mara ya kwanza kata mm 3 juu ya sitaha. Utaona ufa unapanda au unashuka. Ukishuka, geukia upande wa pili ndipo ukate chini, usije ukang'oa kipande ndani ya tundu.

Mifereji sasa. Mm 3 ni kidogo, mpira hauna mwili wa kuvutika. Ongeza mpaka mm 4 kwa mashine ya kuchimbia yenye ulimi wa mm 5 na reli ya kuiongoza. Chini itabaki mm 3, usizidi hapo. Mpira wa zamani utoe kwa ndoano ya chuma, usichokonoe kuta kwa bisibisi.

Chini ya mfereji laza tepu nyembamba ya plastiki. Wengi wanairuka hatua hii halafu wanalaumu mpira. Mpira unatakiwa kushika kuta mbili tu. Ukishika na sakafu pia, mbao zikisinyaa hauna pa kuvutika, unachanika ukingoni, ndiyo hali unayoiona shetri. Kuta zifute kwa asetoni, zipake praima ya mtengenezaji wa mpira huo huo, subiri muda ulioandikwa. Kisha jaza kwa mpira wa polisalfaidi kuanzia chini, ukisukuma mdomo wa mrija mbele ili hewa isibaki, ujaze mpaka ufure juu, na uukandamize kwa kisu cha puti. Silikoni usiilete kabisa, mabaki yake yanazuia kila kitu kushika siku nyingine.

Mfereji wa mm 5 kwa 4 ni mm za mraba 20, hivyo mrija wa ml 300 ni mita 15 kwenye karatasi. Kwa unaofurika juu, hesabu mita 11 au 12. Uache siku saba, kata uliozidi kwa patasi kali, pitisha msasa 80 juu ya mfereji tu, sio sitaha nzima.

Kujua mifereji mingine inayovuja bila kuonekana: mwagia sitaha yote maji, ifute, ingoja ikauke. Penye mstari mweusi wa unyevu uliobaki kandokando ya mpira wakati ubao umeshakauka, hapo mpira umeachia. Weka alama ya chaki papo hapo, maana baada ya robo saa huoni tena.